Katuni Isiyokuwa na Adui

Kitu cha kunishangaza mimi hakijatengenezwa bado, na kiwanda chake hakijajengwa. Nawaambia mapema, nyie vijana mnaojirekodi kwenye simu na kujiita watafsiri wa filamu, ili mjue anayezungumza nanyi ni nani. Nimetafsiri filamu miaka ishirini na miwili pale Njoro, Moshi mjini, kwenye banda langu mwenyewe la video lenye mabenchi kumi na sita. Nimekata vichwa vya Wachina kwa mdomo huu. Wahindi nimewaozesha, nikawaachanisha, nikawaozesha tena kabla ya mapumziko. Yote hayo bila kujua neno hata moja la Kichina wala Kihindi. Shule niliishia darasa la tano, na leo nina vyumba vinne vya kupangisha, na wapangaji wangu wawili wana digrii. Kila mwisho wa mwezi digrii inapiga hodi kwangu kuomba isubiriwe mpaka tarehe tano.

Walikuwa wananiita Profesa Aloisi. Jina hilo nilijipa mwenyewe, kwa sababu wengine walikuwa wanachelewa kunipa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Ndelilio, marehemu sasa, aliyekuwa na banda lake Holili, pale mpakani. Enzi hizo hakukuwa na kurekodi. Mtafsiri anakaa pembeni ya televisheni, maiki mkononi, anatafsiri papo hapo huku jenereta linanguruma nje na wateja wanatafuna miwa. Maiki ya Mzee Ndelilio ilikuwa imevalishwa soksi ili isipige mluzi. Soksi hiyo sikuwahi kuona inafuliwa. Aliniambia usiangalie mdomo wa mtu kwenye filamu, angalia mabega, mdomo unadanganya. Aliniambia usinywe soda baridi kabla ya kazi, kunywa maji ya uvuguvugu. Na aliniambia majina yaandike ukutani kwa chaki. Hilo nililipuuza. Siku moja steringi wangu, yaani shujaa wa filamu, alianza akiitwa Kimaro, tuliporudi kutoka mapumziko akawa Mushi. Mteja akapiga kelele, "Profesa, Kimaro kafia wapi?" Nikamjibu kwenye maiki bila kupepesa, "Kimaro ni la nyumbani, Mushi ni la kazini." Banda zima likakubali. Hayo ndiyo mambo ambayo simu zenu haziwafundishi.

Nilipohamia mjini nikaongeza ufundi wangu mwenyewe wa aina mbili. Wa kwanza ni ukoo. Mtu wa mlimani hawezi kufuatilia filamu kama hajui nani ni wa nani. Ukimwonyesha mzee na mtoto wamekaa meza moja, swali lake la kwanza ni wa ukoo gani hao, na kihamba chao, shamba la ukoo, kiko wapi. Kwa hiyo mimi, filamu ikianza tu, nagawa koo. Huyu ni baba mdogo, yule ni shangazi, huyu katokea Machame, yule Rombo. Ufundi wa pili ni kuwachomekea wateja. Kama kwenye benchi la mbele kuna mtu ana kitambi, basi adui naye namsema ana kitambi "kama cha fulani hapa mbele." Watu walikuwa wanalipa kiingilio ili watukanwe. Wengine walikuwa wanalalamika kwamba wiki imepita hawajasemwa.

Kumbukeni hizo mbili, kwa sababu ndizo zilizoniponza.

Mpangaji wangu mmoja, mwalimu wa chekechea, aliniletea flashi yenye katuni ya Kijapani. Sehemu ishirini na nne. Akasema, "Profesa, hii ni nzuri, watoto wataipenda." Jumamosi saa nane mchana banda lilikuwa tupu mpaka mpira uanze, nikasema haya, tuwapokonye watoto mia tano mia tano zao.

Jamani. Nikaiweka niione kwanza. Kuna mji mdogo wenye kituo cha treni. Mtoto wa kike wa miaka sita ameachwa kituoni, kashika mwavuli. Mzee mmoja kinyozi anampita, anarudi, anamchukua. Nyumbani kwa kinyozi kuna mama mpishi, kuna mwanafunzi mmoja mrefu, kuna bibi anayeshona. Basi. Wanapika. Wanakula. Mvua inanyesha. Mtoto anang'oka jino, sehemu nzima wanatafuta jino. Nikasubiri ngumi, hakuna. Nikasubiri bastola, hakuna. Adui hayupo! Sehemu ya nne yote ni kinyozi anamfundisha mtoto kukunja taulo. Taulo! Nikasema Wajapani hawa wametengeneza magari yote haya, kumbe wakitoka kazini wanakaa kutazama taulo.

Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini ya picha. Yalikuwa yanapita haraka kuliko elimu yangu. Nikafanya kazi nilivyoizoea. Kinyozi nikamfanya babu mzaa baba, mwanajeshi mstaafu mwenye siri. Mpishi nikamfanya shangazi, mchawi kidogo. Mwanafunzi mrefu akawa baba mdogo anayekwepa deni. Maana niambieni, watu wanne wasio na undugu watakaaje nyumba moja na kupika sufuria moja? Kinyozi akikata figili, mimi kwenye maiki: "Hapo anakumbuka alivyomkata adui kule porini!" Katuni ya taulo ikageuka moto. Jumamosi ya tatu watu wazima walianza kuja. Jumamosi ya sita kulikuwa na watu wamesimama dirishani. Nilikuwa narekodi kila sehemu na kuiuza kwenye mabanda mengine, kuanzia Himo mpaka Holili.

Sasa nje ya banda langu alikuwa anauza mtori wa ndizi Bibi Ndeshi, mjane, mwanakwaya wa usharika, mkono wake mzito kwenye mwiko na kwenye maneno. Alikuwa analea mtoto wa kike, Haika, miaka tisa. Haika si mjukuu wake. Mama wa Haika alikuwa binti aliyemwoshea Bibi Ndeshi vyombo, akajifungua hapo hapo, akakaa miezi mitatu, akasema anafuata mzigo ng'ambo ya Holili, hajarudi mpaka leo. Ukoo wake hakuutaja. Alisema tu ametokea upande wa Sanya Juu. Njoro nzima ilijua habari hiyo, na Njoro nzima ilinyamaza, kitu ambacho Njoro haikiwezi kwa jambo lingine lolote. Haika mwenyewe alijua vipande vipande, mtoto anavyojua mambo ya nyuma ya mlango. Mimi habari za akina mama wa vyombo sikuwa nafuatilia. Kwangu Haika alikuwa mteja wa benchi la mbele, Jumamosi zote, miguu haifiki chini.

Ikafika sehemu ya tisa. Mtu wa suti anakuja pale kwa kinyozi na karatasi. Anauliza kitu. Kimya. Kinyozi anasema kitu kifupi. Wote wanalia, mpishi, bibi mshonaji, mrefu, wote. Mimi nikaangalia mabega, mabega yanatetemeka. Nikasema hapa nimepata msiba. Nikashika maiki:

"Kumbe kinyozi alidanganya! Si babu yake! Huyu wa suti ndiye mjomba wa damu, ametoka Sanya Juu kufuata mtoto wao! Mtoto wa kuokota ni kama mwavuli wa kuokota, mwenyewe akija unampa!"

Banda liliripuka. Watu walipiga mabati. Sanya Juu niliitaja kwa sababu Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa kule kununua viazi. Ingekuwa nilinunua vitunguu, ningesema kwingine.

Watu walipotoka, Haika alibaki. "Shikamoo, Profesa."

"Marahaba."

"Walimrudisha kweli?"

"Eee. Si umeona? Kila mtu na kwao."

"Na kama hataki?"

"Hataki nini, mtoto anaulizwa?" Nikacheka, nikaenda kuhesabu kiingilio.

Jumatatu asubuhi, saa nne hivi, Bibi Ndeshi aliingia bandani na mwiko mkononi, mtori unadondoka. Hajawahi kuingia bandani kwangu miaka yote hiyo. Alisema ni mahali pa shetani na kuna joto.

"Aloisi, mtoto hajafika shule."

"Shikamoo, mama. Sasa mimi ndiye mlinzi wa shule?"

Akanipa karatasi ya daftari. Kusoma nasoma, msinidharau, ila polepole. *Bibi nakwenda Sanya Juu kuongea nao. Nitarudi jioni. Usifunge mlango.*

"Kuongea na nani?" nikauliza.

"Wewe ndiye uliyemwambia, wewe niambie."

Nikakodi gari. Elfu sitini kwenda na kurudi, dereva alisoma uso wangu akapandisha bei, nami ningefanya hivyo hivyo. Bibi Ndeshi alikaa mbele na mwiko wake mapajani. Sufuria ya mtori aliiacha jikoni bila mtu. Boma Ng'ombe, gari lilipokata kulia kuanza kupanda, akanigeukia.

"Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini, mama?"

"Kwamba mama yake ni wa Sanya Juu."

"Sikujua! Mimi nilinunua viazi kule."

"Viazi," akasema. Akageuka mbele. Nimetukanwa na walevi na waungwana, na mwenyekiti wa mtaa mara mbili. Hakuna tusi lililoniingia kama hilo la viazi.

Tulimkuta sokoni, kwa mama mmoja muuza maharage, amekaa juu ya gunia anakula muhindi wa kuchoma, begi la nguo mgongoni. Muuza maharage akatupokea kwa mkono kiunoni.

"Nyie ndio wenye huyu? Tangu asubuhi anazunguka soko zima anauliza nani alipotelewa na mtoto miaka tisa iliyopita. Watu wakadhani ametumwa na wahubiri. Mtu mzima gani anamwachia mtoto kazi hiyo?"

Bibi Ndeshi akanyoosha mwiko kunielekea.

Haika akasimama, akafuta mdomo. "Shikamoo, Profesa." Hata hapo! "Nilijua ulikuwa unanisema mimi. Huwa unatuchomekea."

"Haika, mimi..."

"Nilikuja kuwaomba wasije. Nguo nimebeba kama watakataa."

Bibi Ndeshi alimvuta akamkumbatia na mwiko humo humo, sare ya shule ikapata mtori.

Nikadhani yameisha. Tumempata, tumempa soda, tumerudi. Kumbe begi liliwekwa mlangoni kwa Bibi Ndeshi, limefungwa, na halikufunguliwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto anatoa sare asubuhi, anairudisha jioni, anafunga zipu. Gari likisimama nje, anatoka kuangalia nani anashuka. Bibi yake alimwambia hawaji. Mchungaji alimwambia hawaji. Nikaenda mimi mwenyewe.

"Haika, yale nilitunga. Utani."

"Kwa hiyo kwenye katuni walisemaje?"

Nikaanza kuikagua bawaba ya mlango.

"Kumbe hujui?"

"Kijapani sikijui."

"Na Kikorea?"

"Na Kikorea."

"Na Kichina?"

"Haika, kanywe chai."

Bibi Ndeshi akasema kutoka jikoni, "Ulisema kwenye spika mbili, Aloisi. Huwezi kufuta kwa kunong'ona mlangoni kwangu."

Ndiyo nikamtafuta Eliamani. Eliamani ni mwongoza wageni, mtu wa Kibosho, amepandisha Wajapani mlimani miaka mingi mpaka Kijapani kimemwingia kwenye damu; akijikwaa anainama kuomba radhi kwa jiwe. Nikamwambia nataka kujua watu wa katuni wanasema nini, sehemu zote, toka ya kwanza.

"Siku moja elfu thelathini, mzee."

"Kwa kukaa kwenye kiti?"

"Mlimani napumua hewa safi. Hapa napumua banda lako."

Tulikaa siku sita, asubuhi mpaka mchana, kabla ya wateja. Nilikuwa nasimamisha deki kila mtu akifungua mdomo.

"Hapo anasemaje?"

"Anasema, umekula?"

"Maneno yote hayo?"

"Kauliza mara mbili."

Kinyozi hakuwa mwanajeshi. Alikuwa kinyozi. Shangazi hakuwa shangazi, alikuwa mpangaji, na mwanafunzi mrefu mpangaji, na bibi mshonaji mpangaji, na kinyozi naye mpangaji! Nyumba si ya yeyote kati yao. Wanne wamekutana kwa kodi, na wanalea. Na ile taulo niliyoicheka, kinyozi alikuwa anamwambia mtoto: kunja hivi, mtu anayekuja amechoka akute kitu laini. Mimi hapo nilikuwa nimetia mlio wa bunduki.

Tukafika sehemu ya tisa. Nikakaa mbele kidogo.

"Huyu wa suti ni nani?"

"Mtu wa ofisi ya mji. Kaja na fomu ya kumwandikisha mtoto shule. Anauliza, huyu mtoto ni wa nani?"

"Na kinyozi?"

"Anasema, wa hapa."

"Hapa wapi? Ukoo gani? Malizia."

"Hajamalizia, mzee. Ndiyo hivyo tu. Wa hapa. Na yule wa suti anaandika. Wanalia kwa sababu ameandika."

Nikageuka, Eliamani anajifuta macho kwa kile kitambaa chake cha shingoni cha mlimani. Jitu limeshusha wagonjwa kutoka Kibo mgongoni, linalia kwa sababu ya fomu ya shule. Nikamcheka sana. Mimi macho yangu yalikuwa na vumbi. Banda lile lina vumbi, kila mtu anajua.

Jumamosi nikabandika tangazo: sehemu ya tisa, upya. Banda likajaa mpaka milangoni, wakijua Profesa ameongeza ngumi. Haika benchi la mbele, begi mapajani. Na nyuma kabisa, amesimama na aproni yake, Bibi Ndeshi.

Nilianza kwa kusema kwenye maiki kwamba mara ya kwanza nilidanganya, kwamba hakuna mjomba na hakuna Sanya Juu, na kwamba leo nitasema walichosema na si zaidi. Vijana, hakuna kazi ngumu kama hiyo. Picha inanyamaza, na wewe unyamaze. Mdomo unawasha. Wateja wakaanza: "Profesa, umeishiwa?" "Washa moto!" "Mpige huyo mwenye suti!" Nilikaza meno. Anasema umekula. Anasema mvua imekatika. Anasema viatu vyako vimelowa, vianike.

Mtu wa suti akaingia, akatoa karatasi. Nikasema, "Anauliza, huyu mtoto ni wa nani?"

Kinyozi hajafungua mdomo bado. Nasubiri mabega. Mara nyuma ya banda:

"Wangu! Endelea."

Watu wakageuka wote. Bibi Ndeshi hakuwaangalia, anaitazama televisheni kama anayeidai. Haika hakugeuka. Nilimwona miguu tu, imeacha kubembea.

"Kinyozi anasema," nikasema, nikaisogeza maiki mdomoni, "anasema, wa hapa."

Nikazima maiki mpaka mwisho wa sehemu.

Nje kulikuwa na kesi. Watu arobaini na tatu walidai mia tano zao, eti wamelipia filamu wameonyeshwa ofisi ya serikali. Nikawarudishia, nikiwaambia hawana akili. Halafu nikaanza kuzunguka kwenye mabanda niliyoyauzia ile sehemu ya tisa ya uongo, kumi na manne, kuinunua tena. Sikutaka mtoto mwingine mahali fulani Himo aanze kufunga begi. Niliuza elfu tatu kila flashi. Waliponusa kwamba nazitaka, wakaniuzia elfu tano. Wafanyabiashara hao ndio niliowafundisha mimi, siwalaumu. Na Bibi Ndeshi alinidai sufuria ya mtori iliyoungua ile Jumatatu, elfu thelathini na sita, na hakupunguza hata mia.

Sehemu zilizobaki nilizitafsiri hivyo hivyo, kavu, kwa watoto kumi na watu wazima wasiozidi watano. Baada ya miezi michache nikafunga banda. Msijipe moyo kwamba nilifunga kwa uchungu. Simu zenu zilikuwa zimeshanimaliza. Sasa hivi pale ni duka langu la vifaa vya ujenzi, karibuni.

Ila Jumamosi ile, wateja wangu walipokuwa bado wananizonga mlangoni, niliona Haika amepita katikati yao mbio, wenzake wanamwita kwenye kamba, wanaruka. Niliporudi ndani kuzima deki nikakuta begi limeachwa kwenye benchi. Amelisahau. Nikakaa karibu nalo nikaanza hesabu, nikaja kuimalizia flashi ziliporudi zote: gari, Eliamani, viingilio, flashi na mtori, maana mimi ni mtu wa biashara na nilitaka kujua maneno mawili yale ya kinyozi nimeyanunua kwa bei gani. Shilingi laki tatu, elfu sitini na saba na mia tano.